Jumamosi yangu: nyuzi sita, springi tatu

Saa mbili asubuhi. Jana na bendi yangu tulipiga hadi saa tisa usiku, leo tunarudi ukumbini, na mimi ndiye fundi wa magitaa ya mtaa mzima hapa Kinondoni. Chai na chapati, macho bado mazito.

Saa tatu. Hodi. "Shikamoo mzee." Kijana mpiga gitaa wa kwaya, ana gitaa la umeme, Stratocaster ya kuiga. Alhamisi alitoa nyuzi zote sita kwa mkupuo ili afute vumbi, akafunga mpya, na tangu hapo anatyuni, gitaa halikubali. Kesho ibada. "Mzee, limekufa?"

Nikaligeuza, nikafungua mfuniko wa mgongoni. Springi tatu zinalivuta daraja, yaani chuma kinachoshika nyuzi, nyuma, nyuzi sita zinalivuta mbele, nalo linaning'inia katikati kama mizani ya muuza nyanya. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainuka, zile tano zinalegea. Ndiyo maana huwa nabadilisha uzi mmoja mmoja, nautyuni kabisa ndipo naugusa wa pili. Halafu dogo alitoa seti ya 9 akaweka ya 10, namba za unene wa nyuzi. Tofauti ni sehemu moja ya elfu ya inchi kwenye uzi mwembamba, lakini ukijumlisha zote sita daraja limeinama mbele kama mtu anayetafuta shilingi chini.

Bisibisi ya nyota, skrubu mbili zinazoshika springi, robo mzunguko kila moja. Tyuni zote. Robo tena. Tyuni tena. Kila mzunguko kosa linapungua. Mzunguko wa nne nyuma ya daraja pakabaki uwazi wa milimita tatu hivi, nikaacha. Nikavuta kila uzi kwa vidole ulegee mapema, nikapaka unga wa penseli kwenye mifereji ya shingoni zisikwame.

Akauliza kwa nini kile chuma cha mkono kinachoinamisha daraja kinaitwa tremolo. Leo Fender alikiita hivyo alipotoa Stratocaster mwaka 1954, ingawa tremolo ni sauti kukua na kufifia. Chuma hiki kinayumbisha noti yenyewe. Jina limeshang'ang'ania.

Saa saba umeme ukakatika. Ubwabwa, usingizi.

Saa kumi zamu ya gitaa langu. Jasho na chumvi ya Dar, wiki mbili tu nyuzi zimeshakuwa nyeusi. Nimechomeka kibao nyuma ya bloku ya chuma iliyo chini ya daraja, kwa hiyo daraja langu haliendi popote. Mpiga rithim wa dansi mkono wa kulia haupumziki. Hicho chuma nitakishika saa ngapi? Mwenzangu wa solo hukiita kibao changu ushamba.

Saa sita usiku, katikati ya sebene, paa! Uzi wa kwanza wa huyo mpiga solo. Springi zikashinda, daraja likalala nyuma, nyuzi tano zilizobaki zote zikapanda. Kila anachogusa ni kelele. Nikamvisha gitaa langu, nikachuchumaa nyuma ya spika, tochi ya simu mdomoni. Uzi mpya wa 10 ulipofika kwenye Mi, noti yake, zile tano zilikuwa zimeshashuka zenyewe, karibu palepale.

Saa tisa na nusu tunagombea bodaboda. Mpiga solo ameshapanda, akageuka: "Kaka, kile kibao ni mti gani?"

"Mninga."