Siku moja maishani mwangu: zamu ya mgonjwa wa nyoka

Saa 1 asubuhi. Mimi ni afisa wa kliniki katika hospitali ndogo karibu na msitu wa Kakamega. Napokea zamu na kumkuta mkata miwa aliyeng'atwa na moma jana jioni. Mguu umevimba hadi pajani, malengelenge yamejaa damu. Nyumbani walimkaza kamba juu ya goti. Wenzangu wa usiku waliilegeza, dawa ya kupinga sumu ya nyoka ikiwa tayari inaingia mshipani.

Saa 1 na nusu. Nachota damu kidogo, naitia kwenye chupa mpya, kavu, ya kioo, naiacha mezani dakika 20 bila kuigusa. Chupa ya plastiki, au iliyooshwa kwa sabuni, hudanganya. Muda ukifika naiinamisha mara moja. Damu inateleza kama maji. Wengi wa moma huja na uvimbe na maumivu tu. Huyu damu imekataa kuganda.

Saa 2. Dozi ya kwanza ina zaidi ya saa 6, kwa hiyo naongeza ya pili. Kwanza navuta adrenalini kwenye sindano, maana dawa hii hutengenezwa kwa damu ya farasi, na mwili unaweza kuikataa ghafla: vipele, kifua kubana, presha kushuka.

Saa 4. Mwenzangu anauliza kama tuupasue mguu kupunguza mbano. Hapana! Damu isiyoganda haipelekwi kwenye kisu. Vidole vina joto, na mshipa juu ya wayo unadunda vizuri.

Saa 6 mchana. Anaingia mama mwenye homa, viungo vinauma, ngozi inamwasha. Amemeza dawa za malaria bila nafuu.

"Mama, umewahi kuwekewa dripu ya nyoka?"

"Wiki iliyopita, daktari. Swila."

Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Ni mwili unaopambana na ile dawa ya dripu ya nyoka, jambo linaloweza kuja siku ya 5 hadi ya 14. Namwanzishia prednisoloni, dawa ya kutuliza mapambano hayo. Tafadhali, ukiwahi kupewa dripu hiyo kisha ukapata homa, taja nyoka hata kama hujaulizwa.

Saa 8. Narudi kwa mkata miwa: chupa nyingine ya damu yake, dakika 20. Nainamisha: donge zima limeshika chini, damu imeganda. Nimefurahi mno.

Saa 11 jioni. Nakabidhi zamu. Figo bado zinanitia wasiwasi, kwa hiyo naandika kwenye faili: mkojo upimwe kila saa, rangi yake iandikwe, na damu irudiwe kupimwa usiku.