Went imetokea wapi jamani

Mdogo wangu kaniuliza jana, eti go ikishapita inakuwaje went, mbona hazina hata herufi moja ya kufanana? Nikacheka maana mimi mwenyewe nilishaandika goed kwenye daftari darasa zima likaniangukia. Kumbe went ni ya kuazima, ilikuwa ya kitenzi kingine kabisa, wend, yaani kushika njia, kama send inavyozaa sent, go nayo ilikuwa na yake ya kale, eode, ikafa, ndo went ikahamia hapo.

Ila wengi tunachemka hapa: "I didn't went". Hapana bwana, did ishabeba ile -li- yetu, kwa hiyo inabaki go tu. Na kwenye have ni gone.