Bomba la kurudi limekubali kupoa

Nyuzi 44! Maji yanaondoka kwenye boila ya gesi inayopasha nyumba joto yakiwa na nyuzi 55, yanarudi yakiwa na 44, na rejeta zote, zile paneli za ukutani zinazopasha vyumba, zina moto wa kutosha. Mnaofuatilia mradi huu mnajua kwamba tangu baridi ianze bomba la kurudi lilikuwa limeng'ang'ania 51, hata nifanye nini. Sasa limeachia, na sababu haikuwa kwenye rejeta wala kwenye boila.

Nyumba ni ileile ya Leicester, ya miaka ya 1930, yenye boila ya kombi (moja inayopasha rejeta na pia maji ya bomba papo hapo) na rejeta 9, mbili kati yake nilizibadilisha mwaka jana nikaweka za paneli mbili zenye mapezi. Maji ya kuogea hayakai kwenye tangi, kwa hiyo naweza kushusha joto la rejeta bila kuwaza bakteria. Mwenye tangi asiniige kwa pupa, maana maji yaliyohifadhiwa yanatakiwa yafike 60.

Kero yenyewe ni hii. Mvuke ulio kwenye moshi wa gesi hugeuka maji, na kukurudishia joto lake, pale tu moshi unapopoozwa chini ya nyuzi 55 hivi, na kinachoupooza ni maji yanayorudi. Kwenye 51 unaonja tu. Utamu uko 45 kushuka chini. Tangu 2005 kanuni za hapa Uingereza zinadai boila mpya za gesi ziwe za kukamua maji na joto hilo kwenye moshi, isipokuwa kwa nadra, halafu fundi anakuja, anaifunga, anaiacha kwenye 70 na kwenda zake. Mwenye nyumba amelipia boila ya kukamua moshi, ila moshi haujawahi kukamuliwa.

Kilichoninyima usingizi ni hesabu. Nilifunga sensa kwenye bomba la kutokea la kila rejeta, na zote zikasoma kati ya 43 na 46. Maji hayo yanakutana kwenye bomba moja, yanashuka hadi jikoni, yanafika chini ya boila yana 51. Vuguvugu ukiichanganya na vuguvugu haizai moto. Kwa hiyo kulikuwa na maji mengine, ya 55, yanayoingilia mahali fulani bila kupita kwenye rejeta yoyote. Tena si kidogo: ukichukua 45 na 55 na jibu likawa 51, basi zaidi ya nusu ya maji ya pampu yanazunguka bure.

Kabla ya kuiamini hesabu nilizishuku sensa. Natumia DS18B20, za bei rahisi, na sokoni za bandia ni nyingi. Nilizitia zote kwenye kikombe kimoja cha maji ya barafu na kutupa zile zilizokuwa zinabishana na wenzake. Zilizobaki nilizipaka ile losheni ya kupitisha joto, nikazibana kwenye shaba na kuzifunga sponji juu, maana sensa iliyo wazi inapima hewa ya jikoni. Na ukiona 85 kamili imechomoza katikati ya grafu, usikimbilie kuzima boila. Hiyo ndiyo namba anayoamka nayo mdudu huyu kabla hajapima chochote. Angalia nyaya na ile rezista ya kilo-omu 4.7.

Sensa zilikuwa sawa. Nikarudi kusawazisha rejeta, koki moja moja, zile za chini zenye kofia. Hapa niseme la moyoni: spana malaya isiguse koki hizi. Inakula pembe za shaba, na anayekuja baada yako hana pa kushika. Nunua spana ndogo ya saizi yake, bei yake haizidi chakula cha mchana. Basi, kila nilipozibana rejeta ili maji yakae ndani zaidi na yatoke yamepoa, bomba la kurudi lilipanda. Likafika 52! Mama watoto alinikuta nimelala sakafuni nikiitazama simu. "Baba Salma, nyumba ina joto, sasa unamtafuta nani huko chini?" Nilikuwa namtafuta huyohuyo. Ukibana rejeta, maji yanakimbilia penye upenyo, na hapo upenyo ulikuwa umeshajitangaza.

Jaribio lililokata mzizi wa fitina ni hili. Nilifunga koki za chini za rejeta zote isipokuwa ya bafuni, nikawasha boila kwenye moto mdogo kwa muda mfupi tu na mkono wangu ukiwa kwenye swichi. Kombi yangu ina njia yake ya mkato ndani ya tumbo lake, lakini sensa yangu iko nje, kwenye bomba kabla halijaingia. Kama huko nje hakuna mkato, bomba lile lilipaswa kupata moto polepole kwa maji ya rejeta moja. Lilipata moto mara moja. Jizi liko ndani ya nyumba, chini ya mbao.

Niliazima kamera ya joto nikidhani kazi imeisha. Kamera hizi nzuri kwa ukuta na dari, lakini kwenye shaba inayong'aa ni waongo wakubwa: bomba la nyuzi 55 linaonekana kama limezimika, kwa sababu shaba inaakisi tu joto la chumba. Bandika utepe mweusi ndipo upime. Ila bomba langu lilikuwa chini ya zulia, utepe ningeubandika wapi? Mwishowe nilivua soksi. Juu ya ngazi, mbele ya mlango wa stoo, kuna ubao mmoja uliokuwa na joto kuliko wenzake.

Nikaung'oa. Chini yake bomba la kwenda na bomba la kurudi vimeunganishwa kwa kipande cha bomba la milimita 15, na katikati koki ya zamani ya gurudumu jekundu, iko wazi. Zamani boila za kawaida ziliwekewa njia hiyo ili pampu isikabwe rejeta zikijifunga. Aliyekuja kufunga kombi aliiacha palepale. Sina ugomvi na aliyeiweka; huyo wa pili ndiye ningependa kunywa naye chai.

Nilidhani nitaizungusha tu. Gurudumu likazunguka, likazunguka, maji yakaendelea kupita. Ulimi wa ndani ulishaliwa na chokaa. Ikabidi kumwaga maji ya mfumo mzima, ambayo yalitoka meusi ti kwa kutu, kukata kile kipande na kuziba ncha zote mbili kwa vifuniko vya kubana. Nikajaza tena pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Kabla ya kukata nilihakikisha kwenye kijitabu cha boila kwamba ule mkato wa ndani upo kweli, na rejeta ya bafuni nimeiacha bila kichwa cha kujifunga ili pampu isikose pa kupumulia. Upande wa gesi siugusi kabisa, hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi wa hapa.

Jioni ileile 44. Kesho yake nikashusha maji ya kwenda hadi 50, yakawa yanarudi na 40. Kwa joto hilo rejeta inatoa kama asilimia 40 tu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake, kwa hiyo inabidi iwake muda mrefu zaidi. Nje kulikuwa na nyuzi 3, sebuleni 20. Chumba cha mbele kimebaki 18 na nitakitafutia rejeta kubwa.

Mpango ulikuwa baada ya hapo nivalishe mabomba ya chini ya sakafu sponji, kisha nifunge sensa ya nje ili boila ijishushe yenyewe hewa ikipata joto. Vyote vimesimama. Nimeliona dumu.

Lile bomba jeupe la plastiki linalotoa maji ya moshi kwa nje, linadondokea kwenye kikaro. Nikawaza: mbona nahangaika kukisia kwa nyuzi, na hayo maji ndiyo risiti yenyewe? Mita moja ya ujazo ya gesi ikiungua inazaa kama lita moja na nusu ya maji. Kila lita unayoinasa badala ya kuiacha iondoke na mvuke inakurudishia karibu kilowati-saa 0.68, na mita hiyo moja ya ujazo ya gesi yenyewe ina kama 11.2. Niliweka dumu, nikasoma mita asubuhi na jioni. Kwa bahati nilikuwa nimeshapima hivyo wikiendi moja kabla ya kukata bomba, kwa udadisi tu: lita 0.3 kwa kila mita ya ujazo ya gesi. Sasa 0.9. Tofauti hiyo ni kilowati-saa 0.4 hivi, chini kidogo ya asilimia 4. Wanaojigamba kwamba wamepunguza theluthi ya bili kwa kugeuza kitufe kimoja waweke dumu, tuone. Mimi asilimia 4 yangu naipenda, imepimwa. Usiyamwagie maua tu, maji hayo yana asidi.

Lakini sasa kuna jambo silielewi vizuri. Siku zenye nyuzi 10 nje, maji yanarudi na 36, baridi kuliko wakati wowote, na dumu linashuka hadi 0.7. Ilipaswa kupanda. Nashuku boila yenyewe: moto wake mdogo kabisa ni kilowati 6, na nyumba siku kama hizo inahitaji 2 au 3, hivyo inawaka na kuzima, na kila ikiwaka feni inapuliza kwanza hewa kavu ndani. Wiki hii nahesabu mara inazowaka kwa sensa iliyobanwa kwenye bomba la kwenda, halafu nirefushe muda wa kusubiri kati ya kuzima na kuwaka. Kama una kombi inayoshuka chini ya kilowati 3 na una dumu, niambie unapata lita ngapi.