Hundi Isiyopitia Mkononi Mwangu

Mwaka 2024 nilitimiza miaka 73, na kwa mara ya kwanza sheria ya Marekani ilinilazimu kutoa fedha katika akaunti yangu ya kustaafu, ile inayoitwa IRA, ambayo nilikuwa nikiijaza kidogo kidogo tangu nilipoanza kazi ya uuguzi hapa Minnesota. Hesabu yake ni nyepesi: unachukua salio la Desemba 31 ya mwaka uliotangulia, kisha unaligawa kwa namba iliyo kwenye jedwali la mamlaka ya kodi, IRS, ambayo kwa mtu wa miaka 73 ni 26.5. Salio langu lilikuwa dola 212,000, kwa hiyo nilipaswa kutoa dola 8,000. Kampuni inayotunza akaunti ilikata asilimia 10 ya kodi, kama inavyofanya mteja asipoagiza vinginevyo, na dola 7,200 zikaingia benki. Siku chache baadaye nikaandika hundi mbili, moja ya usharika wangu na nyingine ya ghala la chakula cha wahitaji lililo mtaani kwetu, jumla dola 3,000, bila kujua kwamba ingekuwa nafuu kwangu kama kampuni ingezipeleka huko moja kwa moja kutoka kwenye IRA.

Nilitoa kwa moyo mweupe, na fedha ziliwafikia waliokusudiwa. Hata hivyo, kwa macho ya sheria ya kodi, mimi nilikuwa nimepokea mapato ya dola 8,000 kamili, na zile dola 3,000 hazikupunguza chochote. Zamani, wengi wetu tuliorodhesha sadaka zetu kwenye fomu ya kodi na kupata nafuu, lakini tangu mwaka 2018, punguzo la kawaida ambalo kila mlipakodi hupewa lilipokaribia kuongezeka maradufu, wastaafu wengi hawana tena sababu ya kuorodhesha, na sadaka zao hazionekani popote katika hesabu. Kuanzia mwaka 2026 kuna nafuu ndogo kwa wasioorodhesha, isiyozidi dola 1,000 kwa mtu mmoja. Mwaka ule wa 2024 haikuwapo.

Njia ambayo ningepaswa kuifuata imekuwapo kisheria tangu mwaka 2006, na mwishoni mwa mwaka 2015 Bunge la Marekani liliifanya kuwa ya kudumu. Watu wa kodi huiita QCD. Mwenye IRA aliyefikisha miaka 70 na nusu anaweza kuiagiza kampuni inayotunza akaunti yake ipeleke fedha moja kwa moja kwa shirika la hisani, na fedha hizo zikahesabiwa kuwa zimetimiza wajibu wake wa kutoa kwa mwaka huo bila kuingizwa katika mapato yake. Kikomo kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 108,000 kwa mtu mmoja, kiwango ambacho wengi wetu hatutakikaribia kamwe. Angalieni pia tofauti ya umri. Lango la kulazimishwa kutoa limesogezwa hadi miaka 73, ilhali lango la hisani limebaki pale pale kwenye miaka 70 na nusu, kwa hiyo mimi ningeweza kuanza tangu Septemba 2021.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, aliniuliza baada ya ibada, "Dada, hela ni zako na sadaka ni ile ile, sasa tofauti iko wapi?" Nilimjibu kwa kumwonyesha hesabu zangu za mwaka huo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Napokea mafao ya uzeeni ya serikali, yaitwayo Social Security, ya dola 24,000 kwa mwaka na pensheni ndogo ya hospitali ya dola 14,000. Serikali huchukua nusu ya mafao hayo, yaani dola 12,000, na kuijumlisha na mapato mengine ili kuona kama mafao yenyewe yatozwe kodi. Kwa mjane kama mimi mstari wa kwanza ni dola 25,000 na wa pili ni dola 34,000, na mistari hiyo haijapandishwa kulingana na kupanda kwa bei tangu ilipowekwa na sheria za mwaka 1983 na 1993. Dola 12,000 na 14,000 na zile 8,000 za IRA zilinifikisha dola 34,000 kamili, na kwa sababu hiyo dola 4,500 za mafao yangu zilitozwa kodi. Kama zile dola 3,000 zingekwenda moja kwa moja kanisani na kwenye ghala la chakula, ningebaki na dola 31,000, na mafao yanayotozwa kodi yangekuwa dola 3,000 tu. Kwa maneno mengine, sadaka ya dola 3,000 ingepunguza mapato yangu yanayotozwa kodi kwa dola 4,500, na katika daraja langu la asilimia 10 ningebakiwa na dola 450 zaidi. Kwa tajiri hizo si kitu. Kwangu ni sadaka ya miezi kadhaa, na nimeumia kwamba nilizipoteza kwa kutojua tu. Wenye mapato makubwa zaidi yangu wana sababu nyingine pia, kwa kuwa ada ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hupanda mapato yanapovuka kiwango fulani, na huangaliwa mapato ya miaka miwili nyuma.

Mwaka 2025 nilianza mapema. Wajibu wangu ulikuwa dola 8,500, na mwezi Februari, kabla sijachukua hata senti moja kwa ajili yangu, niliagiza dola 4,500 ziende kwenye mashirika matatu. Mpangilio huo ni muhimu, kwa kuwa dola za kwanza kutoka katika mwaka ndizo zinazojaza wajibu, na ukishachukua kiasi chote wewe mwenyewe huwezi kurudi nyuma na kukiita sadaka. Kijana aliyepokea simu yangu kwenye kampuni hakuijua fomu ya kuagiza sadaka hiyo na alitaka kuziweka fedha benki kwangu kwanza; nilimwomba kwa upole aniunganishe na mwenzake mwenye uzoefu. Hundi zilikuja kwa posta nyumbani kwangu, lakini ziliandikwa majina ya mashirika, na hilo linakubalika. Nilizipeleka pamoja na barua yenye jina langu, maana hundi hubeba jina la kampuni na mweka hazina wa usharika asingejua ni ya nani. Kila shirika lilinipa stakabadhi inayosema kwamba sikupokea kitu chochote kwa sadaka hiyo. Sharti hili ni kali kuliko la sadaka za kawaida: ukipewa hata tiketi ya chakula cha jioni kwa sababu ya hundi ile, sadaka nzima hupoteza nafuu yake, si thamani ya chakula peke yake.

Wakati wa kujaza kodi, mwambieni anayewajazia. Taarifa niliyopokea kutoka kwa kampuni ilionyesha jumla ya kilichotoka, na aliyenijazia alikuwa karibu kukiandika chote kuwa mapato hadi nilipomwekea stakabadhi zangu mezani. Walio na akaunti ya kustaafu ya mwajiri, iitwayo 401(k), wajue kwamba njia hii haifanyi kazi huko. Ni lazima fedha zihamishiwe kwanza kwenye IRA.

Liko sharti moja ambalo najua litawagusa wengi wanaosoma hapa. Shirika linalopokea lazima liwe limesajiliwa Marekani kama shirika la hisani. Sikuweza kupeleka hundi kwenye zahanati ya kijijini kwetu, juu ya Lushoto, ingawa hiyo ndiyo iliyokuwa moyoni mwangu kuliko yote. Nilichofanya ni kupeleka dola 1,500 kwa jumuiya yetu ya Wasambaa na marafiki, ambayo ina usajili wa hapa na inasaidia shule na zahanati za nyumbani. Jumuiya lazima iwe na mamlaka halisi juu ya fedha hizo. Isiwe bomba tu la kupitishia kile nilichokwisha kuamua mimi. Kwa hiyo niliandika barua ya kueleza ninachokitamani, nikaiachia kamati. Mwezi Oktoba kamati ilikaa, ikalinganisha maombi manne, na fedha zikaenda kwenye madawati ya shule moja ya Bumbuli. Zahanati iliwekwa kwenye orodha ya mwaka unaofuata, na Januari hii nimekwisha kuijaza fomu yangu.