Nilidhani Njia Ni ya Miguu

Mikono ina malengelenge na mgongo umekaza, lakini sitaki kulala kabla sijaandika. Leo ni siku ya nne ya kujifunza kuchonga njia za miguu mlimani.

Siku ya kwanza hatukupewa hata jembe. Mwalimu alitupeleka kwenye njia ya zamani inayopanda moja kwa moja hadi juu, ile inayopendwa kwa ufupi wake. Imegeuka korongo. Mizizi iko nje, mawe yamebaki uchi, na kando yake watu wamefungua njia ya pili, kisha ya tatu, wakikwepa utelezi. Akauliza: maji yakiingia humu yatatokea wapi? Tukanyamaza. Hayana pa kutokea. Njia imelala kule kule yanakotaka kwenda, na kila mvua huondoka na udongo wake.

Tangu hapo sijaweza kutazama mlima bila kuyatafuta maji.

Njia inayodumu hupita ubavuni, ikiukata mteremko badala ya kuufuata. Kipimo chake ni kanuni ya nusu: ubavu ukiwa na mwinamo wa asilimia 20, njia isizidi asilimia 10. Na hata ubavu ukiwa mkali zaidi, wastani wa njia nzima ni vizuri ubaki kwenye hiyo 10, yaani kupanda mita 10 kwa kila mita 100. Mimi ningekimbilia tambarare, kumbe huko ndiko maji hutuama, tope likaja, watu wakazunguka na njia ikapanuka.

Siku mbili zilizofuata zilikwenda kwenye kupima na kufunga tepe mitini kuonyesha njia itakapopita. Tulifunga, tukatembea kwenda na kurudi, tukafungua, tukafunga upya. Nilikuwa na haraka ya kuchimba. Sasa naona kosa la tepe husahihishwa kwa dakika moja, la sululu hubaki mlimani.

Kuchimba kwenyewe ni kuingia ubavuni mpaka upana wote wa njia ukae juu ya udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Udongo uliotoka hutawanywa mbali upande wa chini, maana ukiachwa kama ukingo utabomoka. Kisha sakafu huinamishwa kidogo kuelekea bondeni, kama asilimia 5, kiasi ambacho mguu hausikii lakini maji yanasikia.

Kilichonigusa kuliko vyote ni vibonde. Njia inayopanda huachwa ishuke hatua chache, kisha iendelee kupanda. Pale chini maji hayana budi kutoka. Magogo yanayolazwa kukingama njiani ili kuyatoa maji hujaa mchanga upesi na watu huyazunguka; kibonde kilichochongwa vizuri hukaa miaka, na mpitaji hajui kama kipo.

Jioni mvua ilinyesha, nikarudi peke yangu kutazama kipande changu, mita tatu hivi. Maji yalishuka kutoka juu, yakavuka njia yakiwa yametandaa kama shuka, yakaingia kwenye majani upande wa pili. Nilisimama nikalowa kwa furaha. Sehemu moja tu yalikusanyika na kuanza kukimbia kufuata njia: niliacha tuta dogo la udongo ukingoni, la kimo cha vidole viwili.

Kesho asubuhi naanza na hilo tuta.