Madirisha sita na kanisa lisilo na padri

Jamani, leo mnivumilie, nina hasira.

Jumanne nimepata barua kutoka ofisi ya meya wa kijiji. Niliomba ruhusa ya kubadilisha madirisha sita ya nyumba yangu. Yangu kabisa, niliyoinunua kwa jasho la kuwaogesha wazee wa watu. Nimesubiri miezi miwili, jibu ndilo hili: plastiki hairuhusiwi, weka mbao, na rangi isiwe nyeupe, iwe kijivu cha kuelekea bluu. Kisa kanisa. Kanisa la kijiji limo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, na kwa sheria ya huku ya tangu 1943, ukikaa ndani ya mita 500 za jengo la namna hiyo, msanifu wa serikali ana neno juu ya dirisha lako. Kanisa lenyewe halina hata padri wa kudumu. Misa mara moja kwa mwezi, tena mwezi wenye bahati.

Fundi wa plastiki alitaka euro 3,100. Seremala anataka 7,400. Nilizigeuza shilingi nikajuta. Watu wa Tanga, hiyo tofauti peke yake mnajua inanunua kiwanja wapi.

Kwa wasionijua, niko Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa, mji wa karibu ni Cahors. Wale mnaodhani Ufaransa ni mnara wa Paris na watu wamevaa manukato, njooni muone mawe. Huku ni mawe tu. Ukuta wa shamba mawe, paa la kibanda mawe. Kuna vibanda vya mviringo katikati ya machungani, wanaviita gariotte, vimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji mpaka vikajifunga juu, vya mchungaji kujibanza mvua ikimkuta. Mwaka wangu wa kwanza nilivicheka. Nikaona na nyumba za njiwa, mnara mzima wa mawe umesimamishwa juu ya nguzo, mzuri kuliko chumba nilichopanga Toulouse nilipofika. Njiwa!

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja ninayemtunza, ana miaka 91. Simwiti bibi mbele yake, huku ni Madame mpaka kaburini, ila moyoni ni bibi. Akaniambia njiwa hawakufugwa kwa ajili ya kitoweo tu, mali ilikuwa kinyesi, mbolea ya mizabibu. Na zile nguzo zina jiwe limetokeza juu kama kofia ya uyoga ili panya akipanda agote hapo. Tangu siku ile siwezi kupita mnara wa njiwa bila kuangalia nguzo.

Mwezi wa tano akaniomba nimpeleke Aujols. Ni kijiji kidogo, katikati kina bwawa, na ukingoni mwa bwawa kuna mawe ya kufulia. Yamelazwa mawili mawili yakiwa yameinamiana, wenyewe wanasema kama mabawa ya kipepeo. Nikamshusha kwenye gari, nikamshika mkono hadi ukingoni. Akainama akalipapasa jiwe moja. Nami nikaligusa. Katikati limelika, laini kama jiwe la kusagia nafaka, kwa nguo za wanawake wa miaka na miaka.

"Kwenu mlifulia wapi?" akaniuliza.

"Mtoni, Madame. Na kisimani."

"Mkipiga magoti?"

"Hapana, tunainama."

Akacheka. "Basi nyinyi mgongo, sisi magoti."

Akanieleza kisanduku cha mbao walichokitia majani makavu ili magoti yasichubuke, na kibao cha kupigia nguo. Wakati wa vita sabuni ilitoka kwa kadi, kwa hiyo mama yake alirudia majivu: mashuka yanapangwa kwenye pipa, majivu juu ndani ya kitambaa, kisha maji ya moto yanamiminwa na kukingwa chini, yanamiminwa tena, kutwa nzima. Majivu! Mimi niliyajua ya kusugulia masufuria. Na umbea wote wa kijiji, anasema, ulipita pale kabla ya kufika kwa meya.

Sehemu kama hizi za kufulia zimejaa nchi nzima. Mwaka 1851 serikali yao ilitunga sheria ya kuchangia ujenzi wake, maana kipindupindu kilikuwa kimewafyeka. Mashine zilipoingia majumbani zikabaki hazina kazi, ila wengi hawakuzivunja. Kuna hata bahati nasibu, tangu 2018, ambayo sehemu ya pesa zake inakwenda kukarabati majengo ya zamani. Mtu anacheza kamari, kibanda cha watu kinapata paa. Sisi Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka sehemu Desemba 2020 mchana kweupe, tukapiga picha.

Haya, kabla sijaanza kulia, wosia kwa wanaotaka kuja. Mtandaoni mtaona nyumba za vijijini Ufaransa kwa bei ya gari. Rahisi ghali. Kabla hujatia sahihi nenda ofisi ya meya uulize kuna jengo gani la kihistoria jirani na liko mita ngapi. Usiulize dalali. Na bila gari kijijini umekwisha, basi langu linapita kwa ajili ya wanafunzi tu. Mimi sikuuliza kitu, niliona bei nikaona na mti wa walnati uani.

Tena madirisha si ya kwanza. Ukuta wa jikoni ulikuwa unatoa jasho kila msimu wa baridi, rangi inabanduka kama ngozi ya mjusi. Mwashi akaja, akagonga, akatukana. Mwenye nyumba wa zamani aliupiga saruji, na ukuta wa mawe ukiupiga saruji maji yanakosa pa kutokea. Dawa ni kuibandua yote na kupiga lipu ya chokaa.

Hapo ndipo nilipomshangaza. Babu yangu alichoma chokaa Pangani. Magogo yanapangwa duara, matumbawe juu, moto unalala mpaka asubuhi, kisha yanamwagiwa maji yanatokota yenyewe bila jiko. Sisi watoto tulifukuzwa mbali. Nikamwambia mwashi: ukizima chokaa simama upepo unakotoka, la sivyo macho yamekwenda. Akaweka mwiko chini akaniangalia. Tangu siku hiyo ananisalimia kama fundi mwenzake, na bei akapunguza kidogo. Kidogo.

Usiku nikampigia kaka, nataka anipigie picha nyumba ya babu, ile ya mawe karibu na kivuko. Kimya. Halafu ananiambia, dada, ule ukuta wa nyuma tuliushusha mwaka jana, mawe tukajazia shimo la choo. Mbele tumepiga saruji, imependeza. Na madirisha? Ameweka ya aluminiamu, kwa hela niliyotuma mimi.

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi?

Seremala anakuja Jumatatu kuchukua vipimo, nimekubali kulipa kwa mafungu manne. Nina makopo mawili ya rangi nyeupe hayajafunguliwa, niliyanunua kabla ya barua. Aliye karibu na Cahors aje ayachukue kwa nusu bei.