Mawe nane toka mtoni hadi juu

Mi nina COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu ambao mirija ya hewa inabanwa halafu hairudi tena ilivyokuwa. Nilivuta sigara miaka mingi, sitaki kuhurumiwa kwa hilo na kuhubiriwa pia sitaki, nilishahubiriwa vya kutosha (na wapo wenzangu kibao wenye ugonjwa huu huu ambao hawajawahi hata kuishika sigara, ni moshi wa kuni au vumbi la kazini). Leo nataka niongelee kutoka nje tu. Kutembea, kukaa mtoni, kushika jembe kidogo.

Mwaka wa kwanza baada ya kuambiwa nilikaa ndani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikitembea nahema, nikihema naogopa, basi sitembei. Kumbe nilikuwa najimaliza mwenyewe, maana misuli ya miguu ikilegea inadai oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ile ile, kwa hiyo unahema zaidi, unaogopa zaidi, unakaa zaidi, na mwisho wa siku hata kwenda kuoga inakuwa safari.

Ndo nikapelekwa kwenye mazoezi ya mapafu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 8. Kabla ya kuanza wanakupima, unatembea kwenye koridoo dakika 6 wanaangalia umefika umbali gani, unaruhusiwa kupumzika ila saa haisimami. Mi nikasema hawa watanijua leo. Nikatoka mbio mbio kama nimechelewa basi, dakika ya tatu nikawa nimeegemea ukuta sioni mbele, na hapo ukutani ndo nilimalizia muda wangu. Nilivyopumzika vya kutosha yule dada wa fiziotherapi akaniambia baba, rudia, ila safari hii tembea kama huna haraka na usimame kabla hujataka kusimama. Nikasimama mara mbili, kifupi tu. Nikaenda mbali kuliko mara ya kwanza! Aisee nilinuna. Mtu mzima unafundishwa kutembea.

Ila akanielewesha na ndo ikaniingia. Sisi wa COPD shida yetu kubwa siyo kuingiza hewa, ni kuitoa. Ukienda haraka unavuta nyingine wakati ya zamani bado imo, mapafu yanajaa kama puto, halafu hakuna nafasi tena, unahisi unakufa kwa kukosa hewa kumbe umejaa hewa. Ndo maana wanatufundisha kuvuta kwa pua hesabu mbili, kutoa kwa midomo iliyobanwa hesabu nne, kama unapuliza mshumaa ucheze tu bila kuuzima. Mi nahesabu kwa hatua, mbili navuta nne natoa. Kwenye kupanda ni hivi, navuta nikiwa nimesimama, napanda huku natoa. Kuinua kitu hivyo hivyo, pumzi itoke wakati wa kuinua, na usiibane kabisa.

Kipimo changu kingine ni mpwa wangu. Ana miaka kumi na moja, anaongea kama redio, na mimi nikiwa namjibu sentensi nzima ujue niko sawa, nikianza kujibu "ndio" na "mmh" tu basi ashajua anageuka, "Mjomba, tukae?" Hospitali wana namba zao za 0 mpaka 10 za kusema unahema kiasi gani, tunaambiwa tufanyie mazoezi kwenye 3 au 4 hivi, ila mpwa ni kipimo kizuri zaidi na hahitaji betri.

Sasa siku niliyojifunza kwa uchungu. Tulienda mtoni, njia inashuka toka unapoacha gari mpaka chini kwenye maji, na kushuka ni raha jamani, nikajiona nimepona. Hakuna aliyeniambia njia inayoanza kwa kushuka ni mtego, bei unalipa wakati wa kurudi ukiwa umeshachoka. Nusu ya kilima kifua kikanibana, natafuta inhela (kile kidude cha kuvuta dawa, wengine mnaita pampu), inhela iko kwenye gari. Juani. Nilikaa kwenye jiwe nimeinama mbele, viwiko juu ya magoti, napuliza huo mshumaa wangu wa kufikirika, mtoto ananiangalia macho yamemtoka, mpaka pumzi ikarudi taratibu. Toka siku ile inhela inakaa mfuko wa shati, siyo kwenye begi, siyo kwa mtoto anayekimbia mbele. Na kwenye gari haibaki, kile kikopo kina presha ndani, hakitakiwi kufika nyuzi joto 50, na gari lililoachwa juani linafika huko bila shida. Daktari wangu alisema niivute inhela dakika 15 hivi kabla ya kuanza kutembea, wewe muulize wa kwako.

Hewa nayo naiangalia kwanza kwenye simu. Ile namba ya ubora wa hewa (AQI, ikipanda ndo hewa inazidi kuwa chafu) ikizidi 100 sisi wenye mapafu mabovu ni ya kukaa ndani hata kama wengine wanakimbia huko nje. Siku za jua kali ozoni, gesi inayochokoza mapafu, inapanda mchana kuelekea jioni kwa hiyo natoka asubuhi, na asubuhi ikiwa baridi najifunga skafu puani maana hewa ya baridi inabana mirija. Moto wa kambi nakaa upande ambao moshi hauji. Mnaotembea na oksijeni msisogelee moto kabisa, mita 3 ndo ya chini, na vaselini msipake puani.

Milima mirefu sijaenda. Kwenye mita 2,400 oksijeni unayoipata imepungua karibu robo, kwa hiyo kabla ya kukubali mwaliko wa watu wenye mapafu yao mazima, kamuone daktari.

Ile mashine ya kubana kidole inayopima oksijeni kwenye damu ninayo, daktari alinipa asilimia 88 kama namba ya kusimama ikishuka hapo, hiyo ni yangu siyo yako. Ila msiiabudu. Kidole cha baridi kinaidanganya, rangi ya kucha inaidanganya, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko ukweli. Mwili ukikataa mi nausikiliza mwili.

Makohozi yakibadilika rangi au yakiongezeka, au nikijikuta navuta inhela kuliko kawaida, sitoki, napiga simu kliniki. Na mtu akishindwa kuongea, au amechanganyikiwa, anasinzia sinzia, midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu (kwa sisi weusi chungulia ndani ya midomo), hapo hakuna cha kupumzika kwenye jiwe, ita ambulensi.

Jumamosi tumerudi mtoni, njia ile ile. Wengine wanapanda dakika 20, mi nilitumia karibu saa nzima, na karibu kila jiwe nilikalia kabla sijachoka, watu wananipita wanasema pole mzee na mi nawaambia asante. Mpwa alikuwa anahesabu, "Mjomba umekaa tena?" Nimekaa. Yako nane toka kwenye maji mpaka kwenye gari. La tano lina siafu, hilo tunalikalisha begi.